Wachezaji Kumi na Wanane Waliotiwa Plastiki

Saa kumi na dakika kumi alasiri, siku ya Alhamisi, mama yangu aliingia ndani akivuta kitoroli chake cha sokoni, akavua viatu, na kabla hata hajavua koti akasema, "Leo nimekufanyia kazi. Ukishanawa mikono njoo uone."

Naikumbuka saa kwa sababu nami nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi muda si mrefu, nimesimama mbele ya birika nikingoja maji yachemke, na saa ya jikoni kwetu imetundikwa juu ya birika. Nilinawa mikono. Nilipogeuka, mama alikwisha kutandaza gazeti mezani, na juu ya gazeti ameweka karatasi mbili za plastiki ngumu, zinang'aa, kila moja na ukubwa wa karatasi ya kuandikia barua. Ndani ya kila moja walikuwamo wanaume tisa, safu tatu za watatu watatu, wamevaa kofia zenye ukingo mbele, wote wananitazama.

Walikuwa wachezaji wangu wa besiboli. Mama alikuwa amekwenda kuwapiga lamineshen.

"Unaonaje?" akauliza.

"Zimenyooka," nikasema. Ndilo neno la kweli nililoweza kulipata.

"Si zimenyooka! Vile vijifuko ulimozitia, mtu akivigusa vyalia kama karatasi ya peremende. Mgeni wako anakuja Jumamosi, ndiyo umuoneshe vitu namna ile? Sasa hata akizimwagia chai, unapangusa tu, kwisha. Zile zilizochakaa nimeziacha kabatini. Aibu kumtolea mtu makaratasi yamekatika pembe."

Nilimshukuru. Nilimwambia aende akavue koti, nikakaa kitini, na birika likachemka likajizima lenyewe.

Asiyejua kadi hizi ni nini hawezi kujua kilichotokea mezani pale, kwa hiyo nieleze kwa mpango.

Kadi ya besiboli ni kipande cha karatasi ngumu, kikubwa kidogo kuliko kadi ya karata. Mbele ina picha ya mchezaji, nyuma ina maelezo yake. Zilikuwa zikitiwa ndani ya pakiti za ubani wa kutafuna kule Marekani, ili watoto wanunue ubani. Besiboli yenyewe sijapata kuiona uwanjani. Nimeisoma vitabuni, kwenye maktaba ya mtaa wetu, kama nilivyosoma karibu kila ninachokijua, maana shule niliiacha kidato cha pili. Ninafanya kazi katika stoo ya vipuri ya depo ya mabasi. Kazi yangu ni kujua kipuri kipi kina namba ipi, kipo rafu gani, na kimebaki kingapi. Huenda ndiyo maana kadi zilinikaa vizuri mkononi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kila moja ina namba.

Siku hiyo ya kwanza nilikwenda kwenye gulio la Jumapili, lile la watu kuuza vitu vyao vya zamani kutoka kwenye buti za magari, nikanunua kopo la biskuti kwa pauni tatu. Nililitaka kopo. Kufika nyumbani nikakuta ndani mna kadi sitini na kitu, za miaka ya hamsini, na nilipozigeuza nikaanza kusoma migongo yake. Mmoja kipindi cha baridi huuza bima. Mwingine hufuga kuku wa mayai kwa mjomba wake. Mwingine ana mabinti wanne, na mchezo anaoupenda zaidi, baada ya besiboli, ni kuvua samaki mtoni. Hakuna hata mmoja kati yao niliyemkuta katika vitabu vikubwa vya historia ya mchezo huo. Walicheza msimu mmoja, miwili, wakarudi kwenye kuku wao. Mchezaji maarufu ameandikwa vya kutosha, hanihitaji mimi. Hawa niliona wanahitaji mtu wa kuwatunza.

Na hapa pana jambo ambalo lilinichukua mwaka mzima kulielewa. Kadi za msimu mmoja hazikuchapwa zote kwa pamoja. Zilichapwa kwa mafungu, na fungu la mwisho lilitoka wakati msimu unakaribia kwisha, watoto wamekwisha kuchoka, wenye maduka hawaagizi tena. Kwa hiyo namba za mwisho zilichapwa chache. Mtu asiyejulikana na yeyote, ambaye hata kwao huenda wamemsahau, akiangukia katika fungu hilo, kadi yake yaweza kuwa ghali kuliko ya nyota. Lakini bei hiyo huishika tu ikiwa safi. Unatazama pembe nne, kama zina ncha. Unapima ukingo mweupe kushoto na kulia kwa rula ya nusu milimita, uone picha imekaa katikati. Unainamisha kadi mbele ya dirisha, asubuhi, uone kama uso wake una mkwaruzo. Mwisho unaishika karatasi yenyewe, uhakikishe haijaongezwa kitu wala kupunguzwa. Kuhusu bei, siamini anayoitaja muuzaji. Huchukua mauzo matano ya karibuni yaliyokwisha lipwa, hutoa la juu kabisa na la chini kabisa, hugawanya matatu yaliyobaki.

Mama aliyatazama haya yote miaka kumi na moja kutoka upande wa pili wa meza, akishona foronya zake.

"Mwanamme mmoja alikushinda," huniambia, maana mimi niliachika, "sasa umejikusanyia mia tatu. Na wote wana mashavu yamefura kama wanaumwa na jino."

"Wanatafuna ubani, mama."

"Wanatafuna wakipigwa picha? Hawana adabu. Weka mbali na chakula."

Sasa nieleze habari ya plastiki, kwa sababu mama hakufanya lile kwa upumbavu.

Alipotoka Pemba kuja nchi hii ya Waingereza alikuja peke yake, na mikoba miwili, na bahasha ya karatasi zake. Mimi nilifuata baada ya miaka mitatu. Ofisi ya uhamiaji ilimtaka cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa. Cheti cha ndoa kilikuwa kimeliwa na mchwa mpaka jina la marehemu baba likabaki nusu. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa salama, kinasomeka kila herufi, kwa sababu kaka yake aliwahi kukipeleka Mombasa kukipiga lamineshen. Cheti kimoja kilimfungulia mlango, kingine kilimsumbua miaka miwili. Tangu hapo, kwake yeye, kitu unachokipenda unakitia plastiki. Katika droo yake imo kadi yangu ya kliniki ya utotoni, vyeti vya shule vya ndugu zangu wawili, karatasi ya dawa zake za presha, na picha ya pasipoti ya kila mjukuu wa dada yake. Imo pia risiti ya friji yetu. Risiti za siku hizi hazivumilii moto. Ilipopita kwenye mashine ikageuka nyeusi tititi, haionekani namba wala bei. Nilipotaka kuitupa alinipokonya. "Maandishi yamo ndani humo humo," alisema. "Wao wenyewe wanajua namna ya kuyasoma."

Anayempigia lamineshen ni mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ofisi Kingsbury Road. Hutoa nakala, hupiga picha za pasipoti, huchonga funguo na kuuza udi. Kazaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kimebaki vile vile alivyoondoka nacho. Kutoka mtaani kwetu Kenton ni mwendo mzuri wa miguu, na njiani pana duka jingine la nakala ambalo ni rahisi zaidi, lakini mama hulipita bila kuligeukia. Kule kwa mzee kuna mtu wa kutaniana naye.

Sasa huyo mgeni wa Jumamosi. Alikuwa Mwingereza mstaafu kutoka kaskazini, mkusanyaji wa kadi kama mimi, anayetafuta za lile fungu la mwisho la mwaka mmoja tu. Mimi nilikuwa nazo ishirini na saba, zote za watu wasiojulikana. Tulikuwa tumeandikiana miezi miwili, nikampelekea picha na vipimo, tukapatana. Kumi na nane zilizo safi pauni elfu moja mia tisa na arubaini. Tisa zilizochakaa pauni mia mbili na tisini. Angekuja kwa treni kuziona kwa macho, alipe, azichukue.

Sikuwa nauza kwa kuchoka nazo. Mama mkubwa, dada yake mama, yuko Wete, na macho yake yalikuwa yanafungika. Kila Ijumaa yeye na mama huzungumza kwa simu ya picha, na kila Ijumaa mama mkubwa alikuwa akisogeza simu karibu zaidi na uso, mpaka sisi tukawa tunaona sikio lake tu. "Nakuona kama uko nyuma ya pazia," alimwambia mama. "Njoo kabla hawajaliteremsha la pili." Daktari wa huko alikwisha kusema macho hayarudi, upofu unakwenda mbele tu. Mama alitaka aonwe na dada yake. Hakutaka kufika akapapaswe. Alilisema mara moja tu, na hakulirudia. Niliuchukulia ukimya wake kuwa ni kunihurumia.

Hesabu yangu ilikuwa wazi. Mama hajui Kiingereza zaidi ya maneno ya dukani, na anabadilisha ndege njiani, kwa hiyo hawezi kwenda bila mimi. Tiketi moja pauni mia saba na sitini, mara mbili. Kisha mwezi wangu mmoja bila mshahara. Akiba yangu ilikuwa pauni mia tano. Kadi zingebeba zilizobaki. Mama alijua kwamba kadi ndizo tiketi, na kwa kulijua hilo ndiyo akazichukua, akazitoa moja moja kwenye vijifuko vyake kwa uangalifu, akachagua zilizo nzuri, akaziacha mbaya, akazipeleka zikapambwe kwa ajili ya mnunuzi.

Ijumaa nilikwenda dukani kwa mzee kabla ya zamu yangu ya mchana. Nilibeba kadi tatu za bei ya senti, za namba za katikati ambazo zilichapwa kwa wingi, zisizo na hasara.

"Mjomba," nilimwambia, "hii lamineshen yafunguka?"

"Ya nini kufungua? Jana mamako katoka hapa anacheka peke yake."

Nikamweleza. Aliweka miwani yake juu ya kaunta.

"Nilimuuliza," alisema. "Nilimuuliza, dada, hizi ni nini, ni kriketi? Akasema si kriketi, ni kriketi iliyopotea njia. Nikamuuliza za nani? Akasema, za binti yangu, azipenda kuliko nguo zake. Sasa mimi nifanyeje? Mtu akiniletea kitu akipendacho, nakitia moto."

Nilimwomba apige moja ya kadi zile za senti, aiache ipoe, kisha aifungue. Tulingoja. Akachukua wembe, akakata ukingo, akavuta plastiki taratibu kama anayebandua plasta kwenye kidonda cha mtoto. Plastiki ilitoka. Uso wa mchezaji nao ulitoka, wote, kofia na shavu lake lenye ubani, ukabaki kwenye plastiki, na kadi ikawa nyeupe. Ya pili tuliitia moto tena kwanza, tukaivuta ikiwa bado laini. Ilitoka na kofia tu. Ya tatu hakutaka kuijaribu.

"Gundi imeingia ndani," alisema. "Mwanangu, nisamehe. Mamako usimwambie."

"Hayo ndiyo niliyokuja kukuomba wewe," nilisema.

Jioni nilimwandikia mnunuzi ukweli wote, nikamwambia asipoteze nauli. Akajibu kwamba tiketi ya treni alikwisha kuinunua, na zile tisa anazitaka bado. Hivyo Jumamosi akaja, mrefu, mwembamba, amebeba mkoba wa ngozi ulioliwa pembeni. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hilo lilimpatia kwa mama bajia sita badala ya nne.

Mama alikuwa amevaa dera lake la sikukuu. Aliziweka zile karatasi mbili mbele ya mgeni kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi msahafu, akarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimepanga kwamba mgeni atazisifu, mama aende zake jikoni, nasi tuzungumze biashara yetu ya zile tisa. Nilikuwa nimemwandikia hivyo pia, naye alikubali.

Alijaribu kweli. Alisema ni nzuri, nami nikatafsiri kwamba ni nzuri. Lakini alikuwa mkusanyaji. Aliinua ile karatasi ya kwanza kuielekeza dirishani, akaiinamisha kama tunavyoinamisha sote, na macho yake yakashuka kutoka mchezaji hadi mchezaji, na kila alipompita mmoja uso wa mgeni ulibadilika kidogo. Mama hakuwa anaisikiliza tafsiri yangu. Alikuwa anamtazama yeye.

"Mtu huyu amefiwa," akaniambia.

"Hapana, mama. Anaangalia tu."

"Mie nimeona watu wakiangalia, na nimeona watu wakifiwa." Akavuta kiti akakaa. "Nimeharibu?"

Nikaanza kuvipanga upya vikombe vya chai.

"Zote?"

"Hizo kumi na nane."

"Na wewe Alhamisi unaniambia ahsante."

Mgeni akaniuliza mama anasema nini. Nikamwambia. Akaiweka karatasi mezani, akafikiri, kisha akasema jambo ambalo nalitafsiri hapa kama nilivyomtafsiria mama wakati ule. Alisema yeye alipokuwa mtoto alikuwa na kadi za mpira wa miguu, sanduku zima la viatu, na alipokwenda jeshini mama yake alizitupa zote kwenye pipa la taka ili apate nafasi ya pasi. "Wako amezitia ndani ya kitu ambacho hata mafuriko hayakiwezi," alisema. "Mimi ningemchukua wako."

Mama alisikiliza tafsiri mpaka mwisho. "Mwambie mama yake alikosea," akasema. "Pasi unaweza kuiweka chini ya kitanda." Kisha akamwongeza bajia.

Tukafanya biashara yetu. Mgeni alizipima zile tisa zilizochakaa moja moja, hakuteta bei, akalipa pauni mia mbili na tisini. Mama alizitazama zikiingia mkobani, zile alizoziona aibu kumtolea mtu. Alikwenda jikoni akaosha sahani tatu kwa muda wa kutosha kuosha thelathini.

Mgeni alipoondoka nilimkuta mama amekaa na taulo la vyombo mapajani.

"Una pauni ngapi zote pamoja?" akaniuliza.

"Mia saba na tisini."

"Tiketi ngapi hizo?"

"Moja. Lakini tutangoja, mama. Nikifanya zamu za ziada, mwakani..."

"Mwakani dada yangu atanijua kwa harufu. Nunua moja. Nitakwenda mwenyewe."

"Hujui Kiingereza."

"Nilikuja nchi hii na nani?"

Nilianza kumweleza habari ya kubadilisha ndege, milango yenye namba, mabango, mikanda ya mizigo. Nilikuwa nimeyapanga kichwani mwangu miezi miwili, hatua kwa hatua. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mwanangu," akasema, "nilivuka na mikoba miwili na cheti cha ndoa kilichotafunwa na mchwa. Nilikuwa sijui hata neno la choo. Wewe ulikuja miaka mitatu baadaye, nikakupokea mimi, nimekwisha kujua basi lipi linakwenda wapi. Sasa leo nimekuwa furushi la kubebwa? Ulipokata shauri kwamba siwezi kwenda peke yangu, ulimuuliza nani?"

Hakuniuliza kwa hasira. Ndilo lililonifanya nikae. Mimi ninayepima ukingo kwa rula ya nusu milimita sikuwahi kumuuliza. Na ule ukimya wake niliouita huruma, kumbe alikuwa ananingoja nimalize hesabu yangu ya tiketi mbili ili safari ifike, kwa kuwa aliona napenda kumpeleka.

Jumapili nilinunua tiketi moja, na Jumatatu tulikwenda pamoja kwa yule mzee wa Kingsbury Road. Alipomwona mama anaingia alisimama nyuma ya kaunta kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Dada, mimi..."

"Dada yako nani? Mimi nikikuona naona nikuamkie shikamoo. Kaa chini, utaanguka. Umenitia hasara, na mimi nimekutia hasara ya usingizi, tumelipana. Sasa nipige picha. Na usininenepeshe."

Wazo la kumtengenezea mama kadi yake mwenyewe lilikuwa langu. Maneno yake nilikuwa nimeyaandika usiku uliopita, nikayachapa kazini wakati wa mapumziko. Mbele ilikuwa picha ya mama, amevaa mtandio wa kijani, na ukingo mweupe pande zote nne ambao niliupima mwenyewe. Nyuma niliandika kama walivyoandikiwa wachezaji wangu, Kiswahili juu, Kiingereza chini:

Mzaliwa wa Wete, Pemba. Urefu futi tano na inchi moja. Hutumia mkono wa kulia. Ana watoto watatu. Kipindi cha baridi hushona foronya na kukaanga bajia. Hajui Kiingereza lakini anaelewa watu. Anakwenda kumwona dada yake. Tafadhali muonesheni mlango wa ndege yake.

Chini yake niliweka namba za ndege mbili na namba yangu ya simu. Mzee aliisoma pande zote mbili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii sasa ndiyo ya kutia moto," akasema.

Akaitia. Ilitoka imenyooka, ina joto, akaitoboa tundu, akapitisha kamba, akamvisha mama shingoni. Hakutaka kulipwa. Mama alijitazama kwenye kioo cha mashine ya picha. "Nimekuwa mmoja wa wanaume zako," akaniambia.

Kule uwanja wa ndege nilimsindikiza mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa. Nilitaka kumkumbusha mambo manne. Nilikuwa kwenye la pili wakati mlinzi kijana alipoishika kadi yake, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena, akamwita mwenzake naye aje asome. Wakamuuliza kitu. Mama akaunyoosha mkono wa kulia hewani, ule anaoutumia, wakacheka wote watatu, wakampeleka. Hakugeuka nyuma. Mtandio wa kijani niliuona mpaka kwenye kona.

Nililala vibaya siku hiyo, sina haja ya kusema zaidi. Kesho yake mtoto wa mama mkubwa alinipigia simu ya picha kutoka Wete. Alikuwa amemchukua mama Unguja, wamevuka, wamefika. Chumba kilikuwa kimejaa watu. Mama amekaa kitandani pamoja na dada yake, magoti yao yanagusana, na mama mkubwa ameushika uso wa mama kwa mikono miwili, ameusogeza mpaka pua zinakaribiana, anautazama kipande kwa kipande, paji, nyusi, mashavu. Kisha akaishika ile kadi kifuani pa mama, akaipeleka jichoni, akailinganisha.

"Sura ni yake," akatangaza. "Lakini hapa wamemnenepesha."

"Nilimwambia yule mzee!" mama akasema.

Alikaa wiki sita, akarudi kama alivyokwenda, kadi shingoni. Plastiki ilikuwa na mkwaruzo mmoja na doa la mchuzi, na doa lilitoka kwa kupangusa. Ameitia kwenye droo yake pamoja na risiti nyeusi ya friji. Zile karatasi mbili za wachezaji nimezitundika ukutani juu ya meza, kwa kuwa haziwezi tena kudhurika kwa jua, mvuke wala chai, na wanaume kumi na wanane wanatutazama tukila. Mama amewazoea. Yule mfuga kuku yumo, safu ya pili katikati, naye humwita shemeji.

Hesabu niliifunga mwisho wa mwezi ule. Kadi zilizoharibika, kwa bei tuliyokwisha kupatana, pauni elfu moja mia tisa na arubaini. Lamineshen, karatasi mbili kwa pauni mbili mbili, pauni nne, ambazo mama alilipa kutoka mfukoni mwake na amekataa nimrudishie. Jumla elfu moja mia tisa arubaini na nne. Nikatoa mia saba na sitini, bei ya ile tiketi yangu, ambayo ilionekana haikuhitajika tangu mwanzo. Hasara kamili ni pauni elfu moja mia moja themanini na nne.